Tumbo Lilikuwa Langu

Siku ile nikiikumbuka, mwanangu, hata leo siwezi kukaa nikatulia. Ndevu hizi zilikuwa bado nyeusi, nami nilikuwa utingo wa lori pale bandarini Kipevu. Nilifungua mlango wa kontena, kumbe mzigo umeuegemea kwa ndani. Mlango ukaja kwa nguvu ukanipiga ubavu wa kushoto. Nikaanguka, nikainuka, nikacheka. Damu sikuiona hata tone, na sisi watu wa Likoni tusipoona damu hudhani tumesalimika. Nikarudi nyumbani, mama akachukua mafuta ya uto anikande.

Aliponigusa tu nilipiga ukelele mpaka majirani wakatoka. Jasho la baridi likanitoka, na bega la kushoto likauma ilhali halikuguswa na kitu. Nikapelekwa hospitali ng'ambo ya maji, kisiwani. Kwenye feri sikuweza kulala, sikuweza kukaa. Nilitamani nitoke ndani ya mwili wangu mwenyewe.

Nilifuatana na ami Salimu na dada yake mkubwa, shangazi Mwanamisi. Tangu baba afariki, ami ndiye aliyekuwa msemaji wetu katika posa, mazishi na ugomvi. Baada ya picha kupigwa, daktari, binti mdogo tu, alikuja kitandani akatueleza. Wengu, yaani bandama, ulikuwa umepasuka, nilikuwa navuja damu kwa ndani. Wangepitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, waufuate kwa picha mpaka panapovuja, wapazibe. Tumbo lisingepasuliwa, ila ikishindikana.

Ami akatikisa kichwa. "Nyumba yavuja paani, wewe wachimba mlangoni? Haraka haraka haina baraka, daktari. Ngoja niwaite wazee tushauriane."

"Mzee, damu haingoji kikao," daktari akasema. Akanigeukia mimi. "Kaka, wewe waonaje?"

"Huyo ni mtoto wetu," ami akajibu. "Sisi ndio wasemaji."

Mtoto mwenyewe, mwanangu, nilikuwa na mke na binti anayekwenda chuoni kusoma Kurani! Lakini nilinyamaza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nililelewa hivyo, na wakubwa wakisema wewe humeza mate. Siku ile hata mate sikuwa nayo. Kiu ilinikereketa na maji nimekatazwa. Nikawa nageuka huku na huku, ami yuko mlangoni anapiga simu moja baada ya nyingine, na mimi nahisi nguvu zinanitoka. Niliogopa, wallahi. Niliogopa kufa, na niliogopa kumkosea adabu ami, na sijui nilichokiogopa zaidi ni kipi.

Shangazi alikuwa ameketi muda wote, anavuta tasbihi. Mara akasimama.

"Salimu! Weka simu hiyo. Tumbo ni la nani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kijana yu macho, akili anazo, na hapana aliyemuuliza ila huyu daktari mgeni." Akaniinamia. "Haya, sema, babangu."

"Naam, shangazi. Ami, uniwie radhi. Naogopa, lakini nataka wanizibe sasa hivi."

Ami akaitia simu mfukoni. Nikatia sahihi karatasi ya ridhaa.

Nilikuwa macho walipokuwa wakifanya kazi. Nikadungwa sindano pajani, kisha joto likanijaa tumboni walipotia dawa ya kuonyesha mishipa. Daktari alikodolea macho kioo chake cha picha, mimi nikimkodolea yeye, mpaka akasema, "Pameziba, alhamdulillahi."

Kesho yake ami alikuja, akafunua shuka kutafuta mshono. Akaona plasta ndogo tu pajani, akabaki ameduwaa. Nilimcheka, ubavu ukaniuma. Akaketi, akanishika mkono, akaniuliza kuhusu shamba la marehemu baba: "Wewe waonaje?" Hakuwa amewahi kuniuliza hivyo maishani.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukipigwa tumboni usijipime kwa damu usiyoiona, wala usikandwe; nenda hospitali upesi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Waheshimu wakubwa, lakini heshima haikuambii ufe kimya. Nawe utakapokuwa mkubwa, na utakuwa inshallah, usiseme juu ya kichwa cha mgonjwa kana kwamba ameshazikwa.

Mungu akuepushe na maumivu ya ndani yasiyoonekana. Na yakikufika, akupe ulimi wa kuyasema, na mtu wa kukuuliza. Amin.