Elektroni nane za Mama Priska

Saa sita na robo mchana. Hedwiga Eliufoo, 47, anaegemeza sururu kwenye ukuta wa shimo la jasi, Makanya. Anapindua karai na kwa kipande cheupe cha jasi anachora vyumba vitano mgongoni mwa karai hilo.

Jumatatu ana karatasi ya Kemia ya kidato cha sita, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wiki iliyopita, katika jaribio kituoni Same, swali la kupanga elektroni katika vyumba vyake lilimwangusha.

"Oksijeni, mama. Elektroni nane," anasema mwalimu wake, Priska, 29. Ni binti yake wa kumzaa.

Mwaka 1995 Hedwiga alikuwa kidato cha tatu. Alipopata mimba ya huyu Priska, shule ilimfukuza; kidato cha nne alikuja kukifanya ukubwani. Kijana aliyempa mimba aliendelea kukalia dawati lake mwenyewe hadi akamaliza shule. Wengi wameshasahau. Waliosahau, hakuna aliyewafukuza.

Kila kokoto ni elektroni moja. Hedwiga anaweka mbili chumba cha chini kabisa, mbili cha pili. Zilizobaki nne zina vyumba vitatu vya juu, vyote ngazi moja. Hedwiga anaweka mbili katika kimoja, mbili katika kingine. Cha tatu kitupu.

"Hapo hapo! Hicho mbona umekiruka?"

"Zamu yake bado."

Amekulia Mhezi. Kule maji ya ndiva, bwawa la kumwagilia, huenda kwa zamu: shamba likifunguliwa linashiba kwanza, ndipo jirani afunguliwe.

"Hizi hazina zamu, mama. Vyumba vikilingana, kila kimoja kinapata moja kwanza. Ikizidi, ndipo chumba kiongezewe."

Hedwiga anakitazama kile chumba kitupu. "Kumbe! Hakuna wa kushiba mwenzake hajaonja."

"Mama Priska," anadakia Mbaraka, mchimbaji mwenzake, "hizo elektroni si ndizo zikae kwenye kamati ya maji?"

"Kula muhogo wako, Mbaraka. Una maneno."

Hedwiga anahamisha kokoto moja. Mbili, moja, moja. Priska anampangusa vumbi la jasi kwenye nyusi kwa ncha ya kanga.

"Sasa salfa. Nayo imo humu kwenye jasi. Kumi na sita. Nikusaidie?"

"Kaa hapo, mwanangu. Usiniguse."

Anaongeza vyumba vinne, anapanga kimya, midomo ikihesabu. Nne za mwisho zinakaa mbili, moja, moja.  Machozi yanamlengalenga Priska.

Akifaulu, Hedwiga ataomba nafasi chuo cha ufundi wa maabara.

"Jiwe hili nimelipiga miaka ishirini na miwili," anasema. "Kule maabara nitakaa nalo mezani, nilisikilize."