Kinyozi Aliyekatazwa Kusimama Kama Nguzo

Saa mbili asubuhi. Kinyozi anakung'uta shuka jeupe, analifunga shingoni mwa mteja wa kwanza, anampaka povu. Kisha anafanya jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemwona akilifanya: anainua visigino, anavishusha, anainua tena. Akimaliza, ndipo anaushika wembe.

"Haya, ngoma imeanza!" anadakia mmoja kwenye benchi, na chumba kizima kinaangua kicheko.

Mwenyewe anacheka pia. Miezi miwili iliyopita asingecheka. Jina lake la mtaani ni Nguzo, na alilipata kihalali.

"Aliyenifundisha kazi alinichorea mstari wa chaki kuzunguka nyayo," anasimulia. "Ukitoka nje ya mstari wembe ukiwa shingoni mwa mtu, unafagia wiki nzima. Kiti ndicho kinachozunguka, kinyozi hazunguki."

Basi akasimama. Saa kumi kwa siku, vichwa ishirini na zaidi, magoti yamekazwa. Jioni viatu havikuvulika mpaka mkewe avivute.

"Nilimwambia, baba watoto, hiyo miguu imevimba," anasema mkewe. "Ananijibu eti uzee. Uzee gani wa miaka arobaini na mbili jamani!"

Siku yenyewe ilikuwa ya joto kali. Kitini alikaa mwalimu mstaafu, mteja wake wa tangu mwanzo. Nguzo anakumbuka masikio yakivuma na macho yakiingia giza. Yaliyofuata anayajua kwa kusimuliwa: alianguka chali, wembe ukachana shuka karibu kabisa na koo la mwalimu. Mwalimu hakupata hata mkwaruzo, lakini habari za shuka lile zilienea mtaa mzima kabla ya jua kuzama.

"Wengine walisema kifafa, wengine moyo. Mimi nikajua ndiyo basi tena. Nani atampa koo lake mtu anayezimika kama taa?"

Wateja wakabaki wanne kwa siku, na hao walitaka mashine tu. Wembe, hapana.

Hospitalini walimbandika nyaya kifuani, wakampima amelala, wakampima amesimama. Majibu aliyasubiri siku tatu, roho juu.

"Moyo wako mzima kabisa, baba," daktari akamwambia. "Ila umeuachia kazi peke yake."

Nguzo sasa anaeleza somo hilo vizuri kuliko mimi ninayeandika habari hii, huku amelishika shavu la mguu wake. Moyo husukuma damu hadi nyayoni, lakini kupanda kwake kunahitaji msaada. Mtu akitembea, misuli hii hukaza na kulegea, ikaibana mishipa na kuisukuma damu juu, na ndani ya mishipa kuna vilango vinavyoizuia isiteremke tena. Ukisimama tuli kutwa, damu hujikusanya miguuni, kichwa kinapungukiwa, na unajikuta sakafuni.

"Yaani sifa yangu ndiyo iliyoniangusha!" anasema akijipiga paja. "Nilitoka pale nikaketi kwenye ngazi, nikalia kwa raha. Watu wakadhani nimefiwa."

Dawa yake ni visigino mara ishirini, hatua kadhaa kila baada ya mteja, na maji ya kutosha. Wateja wamefika kumi na watano kwa siku. Anapanga kumtafuta kinyozi mwenzake wa kiti cha pili, na ameapa chaki haitaingia humu ndani.

"Amebaki mwalimu tu," anasema, sauti ikishuka. "Wiki saba sasa. Akirudi yeye, nitajua nimepona."

Nafunga daftari langu niondoke, mlango unafunguliwa. Ni mzee mwembamba mwenye ndevu zilizochipuka ovyo kidevuni. Benchi lote linageuka kumtazama.

"Shikamoo mwalimu," anasema Nguzo. "Nikuwekee mashine?"

"Marahaba. Wembe. Nimechoka kufanana na mbuzi."

Mwalimu anaketi, anafumba macho, anainua kidevu. Koo lote liko wazi. Nguzo anampaka povu, anapandisha visigino.

"Mara ishirini," anasema mwalimu bila kufumbua macho. "Usiibe. Nahesabu."