Nguo ya Asiyeweza Kuinua Mkono

Pale Mtendeni, mtu akigundua kwamba Bi Mwanne anamtazama, huvuka barabara. Si kwa chuki. Bi Mwanne ndiye mkata sanda wa wanawake, mwaka wa arobaini sasa, na jicho lake halihitaji futi. Akikuangalia mara moja tu, utosini hadi kisiginoni, amekwisha kujua zitakutosha mita ngapi za bafta ya sanda. Wanasema alipata kumtazama beberu wa Mzee Sadiki muuza mkaa, na yule beberu akarudi zizini akaanza kuwagawia mbuzi wadogo majani yake. Wanasema tena kwamba kuna mama mmoja mnene wa mtaa wa nyuma, alitazamwa Jumatatu, na kufika Ijumaa alikuwa amekonda mwenyewe, asije akamaliza bafta ya watu. Watu wa Mtendeni habari hawajawahi kuipunguza.

Mwenyewe hucheka tu. "Nikikutazama hufi," husema. "Ukifa ndipo nakutazama vizuri." Barazani kwake kuna cherehani ya miguu, lakini cherehani hiyo kazi yake ni foronya na mapazia. Mtu aliye hai ampelekee kitambaa cha gauni? Thubutu.

Kwa hiyo siku Sista Adelina, mkunga wa kituo cha afya, alipoketi barazani akasema ana kitu anataka kushonewa, Bi Mwanne aliyashusha macho chini upesi, kwa adabu, asije akampima mtoto wa watu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Umefiwa na nani?"

"Sijafiwa. Nataka nguo ya kujifungulia."

"Basi umepotea nyumba. Fundi wa walio hai yuko kona ile, penye duka la baiskeli."

"Nimetoka huko," akasema Adelina. "Kanishonea gauni la kuvalia kichwani, na vifungo mbele. Mama ndio kwanza katoka kujifungua, mkono mmoja una dripu, wa pili hana nguvu za kuuinua. Namvisha vipi? Mtoto nikimweka kifuani, kifungo kinamchoma shavu. Nikiwavua kabisa wanaona haya, maana wodi imejaa watu. Basi mtoto anafungwa vitenge, analazwa pembeni kama kifurushi. Na akiwa njiti, kazaliwa kabla ya siku zake, hapo pembeni anapoa." Akamsogelea. "Mgonjwa wetu Mwanamkuu alipofariki pale kituoni, ulikuja kumvika kanga za kumrudisha nyumbani. Nilikuona. Hukumwinua mkono hata mara moja. Nguo ilimwendea yenyewe. Nikasema, huyu ndiye fundi wa mtu asiyeweza kujisaidia."

Bi Mwanne aliona kama kamwagiwa maji ya mtungi mgongoni. Miaka arobaini watu walimsifu kwa mbali, na hakuna aliyepata kumwambia kwamba ujuzi ule unaweza kumfaa mtu anayepumua.

Angekataa, lakini chumba cha uani alikuwamo binti yake, Tunu, mwenye mimba ya miezi saba. Na Tunu alikwisha kuzaa njiti, miaka mitatu nyuma. Yule mtoto alifungwa vitenge vitatu, akalazwa pembeni ya kitanda, na kila aliyeingia alimsifu jinsi alivyotulia. Kumbe alikuwa anapoa. Bafta yake haikufika nusu mita. Aliikata bibi yake.

Basi Bi Mwanne akashona. Siku tatu alifunga mlango, na mkono wake ukafuata njia pekee uliyoijua. Alichukua bafta, kwa kuwa ni laini na haichubui. Akaipasua bila mkasi. Mabega yote mawili akayaacha wazi, yafungwe kwa vitambaa, ili nguo ipite chini ya mtu aliyelala bila kumsumbua. Ndani hakuacha mshono hata mmoja wa kumkwaruza mtoto. Kifuani akatia mfuko wa mtoto kukaa kichwa nje, ngozi yake kwenye ngozi ya mama. Na ubavuni akafunga fundo lake la siku zote, lile linalofunguka kwa kuvutwa mara moja tu, kwani sanda hulegezwa kaburini, na aliyeshuka kaburini kuilegeza hana nafasi ya kuhangaika na mafundo. Mama anayenyonyesha kwa mkono mmoja, aliwaza, atalishukuru. Alijiona mjanja hata akajipigia vigelegele moyoni.

Tunu aliikuta nguo imetandazwa kitandani.

"Mama, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni yako hiyo."

Tunu akainama akalitazama lile fundo la ubavuni. "Umenipima," akasema.

"Nimekupima uzae, mwanangu."

"Fundo hili nalijua. Ndilo ulilomfungia mwanangu."

Bi Mwanne aliitazama ile nguo, na kwa mara ya kwanza akaiona kama anavyoiona mtu mwingine. Ilikuwa sanda yenye mfuko. Akashangaa alivyoshona siku tatu, macho yote mawili yakiwa wazi, na asilione hilo.

"Niapie haitanigusa," Tunu akasema. "Mimi wala mtoto."

Bi Mwanne akaapa.

Siku ya pili yake, asubuhi, Tunu anachambua mchele, chupa ikapasuka. Miezi saba tu. Saidi, mumewe, alikuwa kwenye mnada wa ng'ombe huko Choma, simu haipatikani. Bi Mwanne akajaza beseni: kanga, uji, pamba. Chini kabisa, chini ya kila kitu, akaiweka ile nguo. Ameapa haitawagusa, hakuapa kwamba haitapanda bajaji.

Kabla ya adhuhuri, pale kituoni, mtoto alikuwa ametoka. Msichana, mwekundu, mdogo kama kifaranga kilichonyeshewa, na sauti yake ilikuwa ya paka aliye nyumba ya tatu. Tunu alikuwa ametokwa na damu nyingi. Dripu mkononi, meno yanagongana, hawezi kumshika mtoto. Wodini hapakuwa na mashine ya kumpasha joto mtoto.

"Anataka kifua," akasema Adelina. "Sasa hivi." Akamgeukia Bi Mwanne.

"Changu?" Bi Mwanne akarudi nyuma hatua moja. "Sista, hiki kimekauka zamani. Kimebaki ngozi ya ngoma."

"Hiyo ngozi ndiyo ninayoitaka. Una kitu cha kumshikilia asiteleze?"

Bi Mwanne aliangalia beseni. Akamwangalia Tunu, aliyekuwa amefumba macho. Akaangalia miguu ya mtoto, ambayo ilikuwa inaanza kuwa na rangi aliyoijua yeye kuliko mtu yeyote mle ndani. Kisha akaingiza mkono chini ya kanga.

Wanawake wa Mtendeni wakaijua ile nguo kabla haijakunjuliwa. Josepha, mama wa kitanda cha tatu, alimgeuza binti yake uso ukutani, na wake pia. Hakuna aliyepata kumwona mkata sanda ameivaa bafta yake mwenyewe. Ni nguo ambayo mtu huivaa mara moja, na akishaivaa haulizwi imemkaaje.

Bi Mwanne akaivaa nyuma ya pazia. Adelina akamtelezesha mtoto mfukoni, kifua kwa kifua.

Akangoja ubaridi. Mikono yake ilijua kwamba chochote kinachoingia ndani ya bafta ni baridi. Alikaza meno akaungoja, akaungoja, nao haukuja. Kilichokuja ni kitu kama mkate uliotoka jikoni, kidogo, kinachokwaruza kwa kucha. Bafta ikapata joto. Bafta ikacheza. Bi Mwanne akasimama pale mdomo wazi, hajui amwite nani ashuhudie. Halafu unyevunyevu wa moto ukamshuka tumboni.

"Huyu ananikojolea," akasema polepole, kama anayetoa taarifa polisi. "Miaka arobaini nafunga watu. Hakuna aliyepata kunikojolea."

Josepha ndiye aliyeanza kucheka, na uso wake ungali ukutani.

Tunu akafumbua macho. Akamwona mama yake amesimama ndani ya sanda, na kiguu chekundu kimechomoza mfukoni kikirusha teke.

"Ana joto?"

"Ananiunguza."

"Uliapa haitatugusa."

"Wewe haijakugusa. Kwa mtoto nimevunja. Saidi akirudi unishtaki."

Tunu hakucheka. Mkono usio na dripu ukatambaa juu ya shuka, ukaifikia ncha ya bafta, ukaipapasa.

"Nivishe," akasema.

"Ina mkojo."

"Nivishe hivyohivyo. Lakini fundo nitafunga mwenyewe."

Adelina akampokea mtoto akamweka kifuani pake huku Bi Mwanne akiivua. Kisha Bi Mwanne akamvisha bintiye kama ajuavyo, bila kumwinua mkono, bila kumvuta, na nguo ikamwendea yenyewe. Mtoto akarudi mfukoni. Tunu akashika vile vitambaa vya ubavuni kwa mkono mmoja na meno, akafunga fundo moja baya, la ovyo, kama la kamba za viatu vya mtoto wa chekechea. Bi Mwanne aliona kwamba limekaa vibaya. Mikono ilimwasha alirekebishe. Akaiweka nyuma ya mgongo.

Mtoto huyo sasa anatambaa, na bibi yake huwaapia watu kwamba siku ile alitoka mfukoni akaomba chai. Nguo za kujifungulia Bi Mwanne anazishona bado, za kanga na kitenge, rangi za kuumiza macho, na zote zina fundo baya la Tunu. Bafta na fundo lile jingine viko kwenye sanduku lake la zamani, kwa kazi yake ya zamani.

Juzi alishuka mwanamke kutoka Tura, Kabula jina lake, akaja na tumbo limemtangulia mpaka barazani.

"Mwangaluka, mayu," akaamkia kwa lugha ya kwao.

Bi Mwanne akaitikia, macho yake chini, kwa mazoea.

"Mbona hunitazami?" Kabula akauliza. "Nimepanda treni kutoka Tura ili unitazame."

Mguu wa Bi Mwanne ukasimama juu ya cherehani. Katika uhai wake wote watu walimkimbia kwa ajili ya macho yale, na huyu kayafuata kwa treni. Akayainua polepole, kama anayeinua kitu asichokuwa na hakika ni chake. Akaanza utosini, akashuka. Kifuani, sawa. Tumboni, jicho likasita. Likarudi juu, likashuka tena.

"Mita tatu," akasema. "Na mifuko miwili."

Kabula akatafuta mahali pa kukaa.