Lenzi Ndefu na Jiko la Wakwe

Mjomba alitandika gunia juu ya meza ya studio, akapanga vifaa vyake vyote, kisha akaniambia nichague. Kulikuwa na kamera kubwa ya chuma, ile ambayo mkanda wake wa ngozi ulikatika tukauunga kwa waya. Kulikuwa na flashi, iliyomaliza betri upesi kuliko kitu chochote ninachokijua. Kulikuwa na stendi ya miguu mitatu, koti la wateja na tai yake, maua ya plastiki, na pazia lililochorwa ziwa, meli nyeupe na ndege angani. Mwisho alitoa kabatini lenzi ndefu iliyohifadhiwa ndani ya soksi.

"Vyote haviingii," alisema. "Una ndoo moja."

Ilikuwa ndoo nyeupe ya plastiki yenye kifuniko, ya aina iliyokuja na misaada ikaishia sokoni. Mjomba aliamini kwamba kamera huweza kuvumilia vumbi la Ngara, lakini tone moja la ziwa litaiua. Yeye mwenyewe hakuwahi kuliona ziwa, ila alilizungumzia kama mtu aliyeponea chupuchupu kuzama.

"Pazia je?" niliuliza, kwa sababu wateja walilipenda.

"Ubebe ziwa la kitambaa ulipeleke kwenye ziwa la maji? Watakucheka mpaka samaki."

Dada yangu alikuwa anaolewa na mtu wa Biharamulo, upande wa ziwani. Baada ya misa ya ndoa huku kwetu, ndugu wachache wangemsindikiza mpaka kwa wakwe, na bwana harusi alikuwa ameahidi kwamba tukifika pwani ya ziwa atatupakia kwenye boti ya injini, atuzungushe visiwani kwanza, ndipo tuelekee kwao. Alitaka watu wa milimani tulione ziwa. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya picha, kwa kuwa nilikuwa namsaidia mjomba tangu nimalize darasa la saba.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, malori hayakauki barabarani. Pamoja na wakimbizi walikuja watu wa kazi kutoka kila mkoa: madereva, walinzi, makarani, wapakuzi wa magunia. Shemeji yangu alikuwa mpakuzi katika ghala la chakula cha kambi, na dada alikuwa akiuza chai na ndizi za kuchemsha karibu na geti la ghala hilo. Hivyo ndivyo walivyojuana.

Mama hakumkataa. Lakini alikuwa amesikia mengi kisimani na kanisani. Wasichana kadhaa waliolewa na watu wa kazi za kambi, na kazi zilipopungua mume akaaga kwamba anakwenda kuwasalimu wazazi, asirudi. Mwingine alipelekwa "nyumbani kwetu," akakuta chumba cha kupanga na godoro moja. Kwa desturi yetu mama hamfuati binti kwa mkwe siku ya harusi, na hata baadaye haendi mpaka aitwe kwa heshima zake. Kwa hiyo aliniita siku moja akiwa anamenya ndizi.

"Yeye nimemwona," alisema. "Kwao sijapaona. Usiniletee watu waliosimama mstari, hao nawaona kanisani kila Jumapili. Nenda jikoni. Nataka nione mafiga, nione vyungu, nione maji wanaweka wapi. Mwanamume anaweza kuazima koti, anaweza kuazima hata nyumba siku ya harusi. Jiko haliazimwi."

Nilimwambia nimesikia.

Mjomba alijua agizo hilo, ndiyo maana aliisukuma flashi karibu nami. "Jiko ni giza," alisema. "Chukua hii."

Lakini mkono wangu ulikuwa tayari juu ya lenzi ndefu. Nieleze kwa nini. Mimi nilikuwa naona haya kusema na watu. Studioni ilinibidi nimwambie mteja ainue kidevu, nikashindwa, nikawa nainua changu ili aniige. Akiinamisha kichwa kwa aibu, nami nainamisha. Mjomba akipita husema, "Nyinyi wawili mmepoteza sindano?" Siku moja alinifungia lenzi ile kwenye kamera, nikasimama mlangoni nikatazama upande wa Nyamiaga. Mwanamke aliyekuwa anaanika nguo mbali kabisa akaja mpaka mbele yangu, hata nikaona jinsi alivyobana pini mdomoni, na yeye hakujua kama nipo. Sikuisahau siku hiyo. Niliona kumbe mtu anaweza kuwa karibu na watu bila kuwasemesha.

"Na jikoni?" mjomba aliuliza.

"Nitafungua mlango, mwanga uingie."

"Mlango wa watu?"

Nikaikumbatia lenzi ndani ya soksi yake. Alinitazama, akaichukua flashi, akairudisha kabatini. "Haya. Ndoo ni yako."

Tukafunga kamera kwa kanga kuukuu, lenzi ikabaki ndani ya soksi yake, filamu tukazitia kwenye mfuko wa plastiki, na kifuniko kikakaza. Stendi, koti na pazia vilibaki Ngara.

Tulisafiri kwa pikapu kutwa nzima kupita msitu wa Biharamulo, tukalala kwa jamaa zake shemeji, na asubuhi tukashuka ziwani. Sikuwa nimewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu katika msafara, alisimama mchangani akaitazama boti ya mbao iliyokuwa ikitusubiri.

"Hiki ndicho chombo?" aliuliza. "Mimi nilidhani ni kile cha kwenye pazia."

"Shangazi, kile nilipiga nacho picha," shemeji alisema, "hakijanifikisha popote. Panda hiki."

"Nikizama utamwambia nini kaka yangu?"

"Nitamwambia ulikuwa unaongea."

Shangazi alicheka, akapanda, akaushika ubao kwa mikono miwili na hakuuachia mpaka mwisho wa safari. Dada aliketi katikati na gauni lake likiwa limefunikwa kwa turubai. Mimi niliketi mbele na ndoo katikati ya magoti.

Kwa muda nilikuwa mwenye furaha sana. Nilifunga lenzi ndefu, nikavivuta visiwa vikaja karibu na miamba yake iliyopakwa weupe na ndege. Nilimpata furukombe, tai mla samaki, juu ya mti mkavu. Nilipiga, nikapiga tena. Injini ilikuwa inatutikisa hata meno, lakini nilidhani kamera haitajali.

"Na mimi?" dada aliita. "Nipige na maji nyuma yangu."

Nikamgeuzia kamera. Ndani ya lenzi nikaona jicho moja na kipande cha shela.

"Sogea nyuma kidogo," nikasema.

"Nyuma kuna ziwa!"

Boti nzima ikacheka. Nilitaka kubadilisha lenzi, nifunge ile fupi ya kamera iliyobaki ndooni, lakini nilipogusa kifuniko cha ndoo mwendesha boti akanipigia kelele kwamba mawimbi yanarukia ndani, nitamwaga maji kwenye mashine yangu. Nikaacha. Basi dada hakupata picha ya ziwani. Ndege walipata.

Kwa wakwe kulikuwa na nyumba ya bati, shamba la mihogo lililoshuka mpaka karibu na maji, na watu wengi mno. Wote walitaka kusimama mstari, na wote walipigwa, kwa sababu kumkatalia mkwe picha nisingeweza. Usiku filamu ya mwisho ilikuwa imebakiza kidogo sana.

Kesho yake nilikwenda jikoni. Nasema nilikwenda, lakini nilipita tu. Jiko lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, na mlangoni alikuwa ameketi mama mkwe wa dada, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ghuba. Nilipita nikirudi kunawa. Nikapita tena nikitafuta mswaki ambao ulikuwa mfukoni. Nilipopita mara nyingine akaniita.

"Mwanangu, una njaa? Tangu asubuhi unalizunguka jiko kama jogoo."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tumeshasalimiana. Unataka nini?"

Nilitazama miguu yangu. Kuomba kuona jiko la mtu ni kama kumuuliza kama huwa anakula. Nilijua hivyo, na nilijua pia kwamba mama anangoja.

"Mama anataka picha ya jiko," nikasema.

Nikafikiri nimeharibu ndoa ya dada siku yake ya pili tu hapo. Kisha akapiga mapaja yake kwa viganja vyote viwili.

"Na mimi ningeomba hiyohiyo! Mimi nimezaa wasichana, unadhani sijui? Ingia."

Nikaingia. Hapakuwa na dirisha, kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka, na sindano ya kupimia mwanga ndani ya kamera ililala chini kabisa bila kutikisika. Tulifungua mlango wote. Sindano haikuamka. Nikamweleza kwamba kuna kifaa cha kutoa mwanga, nilikiacha.

"Kwa nini ulikiacha?"

"Ndoo ilijaa."

"Basi kama mwanga hauingii, jiko litoke."

Aliwaita wote. Wifi zake dada walitoa vyungu, sufuria, kinu na mchi, ungo, vikapu vya dagaa. Wawili waliuburuta mtungi wa maji huku wakigombana nani anamwagia mwenzake miguu. Baba mkwe aliuliza kutoka kivulini kama kuna moto, akajibiwa kwamba kuna picha. Shangazi akasema hata mafiga yatoke, maana ndiyo yaliyotajwa, wakamwagia majivu maji na kuyang'oa mawe yakiwa bado yanafuka. Dada alikuwa ameketi chini kwa kicheko, kanga imemdondoka begani, anajaribu kupanga vikombe na hawezi.

Nikainua kamera. Hapo wote wakanyamaza. Wakajipanga nyuma ya vyombo, mikono chini, nyuso zimekazwa, kama inavyompasa mtu anayepigwa picha. Nikapiga. Nilipojaribu kuvuta filamu mbele, ikagoma, imekwisha.

Filamu zilipelekwa Mwanza kusafishwa, na picha zilichukua muda mrefu kurudi. Jioni zilipofika mama aliosha mikono, akaketi kwenye mkeka karibu na mlango, akazichukua moja moja.

"Hii ni nini?"

"Kisiwa."

"Kinatetemeka. Na huyu?"

"Ndege, mama."

"Ulitumwa kwa ndege?"

Alipitia mistari ya watu haraka. Kisha akafika kwenye picha ya uani, akaishika kwa mikono miwili. Nilingoja anisifu. Nilipomtazama niliona midomo yake imebadilika.

"Wamewafukuza lini?" aliuliza.

"Nani, mama?"

"Vyombo viko nje. Mafiga yako nje. Mtu anayekaa kwake hang'oi mafiga."

Nikaichukua picha nikaitazama. Miaka ile sote tulikuwa tumeona vyombo vya watu vikiwa nje. Tuliviona kando ya barabara, vyungu, mikeka, ungo, na wenyewe wamesimama nyuma yake wakitazama mbele bila kusema. Picha yangu ilikuwa hiyohiyo. Hata dada alikuwamo, amesimama katikati yao na uso wa mtu aliyefiwa.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

Ilinibidi nieleze, na mimi si msemaji. Nilianza vibaya, kwa sindano ya mwanga, akanikatiza kwamba hataki habari za sindano. Nikaanza upya, nikaeleza jinsi nilivyopita mlangoni, na neno la jogoo. Hapo macho yake yalilegea kidogo. Nikaeleza mtungi na wale wawili waliogombana, na baba mkwe kuuliza kama kuna moto. Nilisema kwamba walicheka mpaka nilipoinua kamera.

"Mbona hawacheki?"

"Mama, ni picha."

Alifikiri. Yeye mwenyewe ana picha moja tu, ya ubatizo wangu, na humo ametazama kama anayesomewa hukumu.

"Na mafiga," alisema polepole, "waliyarudisha?"

"Waliyarudisha mchana uleule. Tulikula samaki."

"Nani aliyarudisha?"

"Dada."

"Peke yake? Siku ya pili tu, wanambebesha mawe?"

"Wifi zake waliyabeba. Yeye aliyapanga. Mama mkwe alimwambia, wewe ndiye utakayepika hapa, yapange unavyotaka, mimi nimechoka kukaa upande wa moshi."

Mama aliiweka picha gotini. "Sema tena."

Nikasema tena, neno kwa neno, na nilijaribu hata ile sauti ya kuita watu ng'ambo ya ghuba, ingawa ilitoka nyembamba. Mama akaweka kidole juu ya yale mawe matatu meusi mbele ya miguu ya dada.

"Akayaweka wapi? Mlangoni?"

"Ukutani, upande wa kulia unapoingia. Jiwe kubwa nyuma."

"Jiwe kubwa nyuma," alisema.

Kisha aliikunja kanga yake, akaifunga picha ile kwenye pindo lake, akanirudishia zile nyingine zote nizipeleke kwa mjomba, akaingia ndani kuangalia maharage.