Kipimo, Zipu na Shuka ya Bluu

Hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, ukionekana umekaa kwenye benchi la chumba cha kupimia virusi vya UKIMWI, kabla hujafika nyumbani watu wameshaanza kukulilia. Mimi sikutaka kuliliwa nikiwa hai. Mimi ni mshonaji, mjane wa Bukavu, Kongo. Midomo ya majirani zangu naijua vizuri, kwa sababu wakija kupimwa viuno wananiletea na habari za wenzao.

Sasa, kanisa letu halifungishi ndoa mpaka wachumba wapime na kuambiana ukweli. Na mimi nilikuwa nimeposwa na seremala aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache, muda wote misumari iko mdomoni. Yeye alipima palepale kambini, mchana kweupe, amekaa kwenye benchi anakula muwa. Akatoka mzima. Mimi je? Marehemu mume wangu alikonda njiani kabla hatujafika Malawi, akafa, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Niliogopa, jamani. Niliona wazi: wakinikuta navyo, seremala atakwenda zake, mimi nibaki na cherehani.

Basi nikaamua kupimia mjini Lilongwe, ambako hanijui mtu. Nikatangaza mtaani kwamba kesho naenda soko la Tsoka kununua uzi.

Pumbavu mimi! Kwetu mtu haendi mjini peke yake. Anakwenda na mahitaji ya mtaa mzima. Jioni ile mlango wangu haukufungwa. "Mama, uniletee zipu nyeusi." "Mi uniletee samaki za ndagala, lakini zisikuwe na muchanga." Mwingine alitaka kizibo cha chupa ya chai, akanipa na chupa yenyewe ili nikajaribishe. Mama mkuu wa kwaya peke yake hakunituma, alisema na yeye kesho anakwenda Mponela, upande mwingine kabisa, kuangalia bei ya mahindi. Mwisho akaja seremala. Akatoa misumari mdomoni, akasema, "Lete shuka ya kitanda. Ya bleu. Ya bantu babili." Akairudisha misumari, akaondoka. Shuka ya watu wawili: hilo ndilo neno refu la mapenzi aliloniambia tangu tujuane.

Asubuhi nikaingia kliniki moja ya mjini, chupa ya chai kwapani, kitambaa nimekishusha mpaka kwenye nyusi. Nani amekaa pale mbele? Mama mkuu wa kwaya.

"Mama," nikamwambia, "hapa njo Mponela?"

"Na hapa njo Tsoka?" akajibu.

Tukatazamana kama watoto waliokutana wakiiba sukari. Kisha nikaitwa ndani.

Muuguzi, dada wa Kimalawi mwenye sauti ya upole, akanitoboa kidole. Tukasubiri. Akarudia kwa kipimo kingine, halafu akaniambia: unavyo virusi. Akaeleza kwamba dawa zipo, nimeze kila siku bila kuruka, na virusi vikishuka mpaka kipimo kisivione, vikabaki hivyo, sitamwambukiza mume. Nilisikia nusu. Nusu nyingine masikio yalikataa. Nilisema "zikomo" kama mtu aliyepewa maji, nikatoka na kopo langu la dawa.

Mama mkuu aliniangalia usoni mara moja tu. Akafungua mkoba wake, akanionyesha kopo kama langu.

"Mi nakunywa tangu batoto bangu bangali badogo," akasema.

Mwanamke huyu anabeba gunia la mahindi peke yake! Akiimba, mabati ya kanisa yanatetemeka. Nikamwambia, "Mi nilifikiri ile nguvu ni ya Roho Mtakatifu."

"Banasaidiana," akasema. "Haya, twende Tsoka. Batu banangojea zipu."

Akanikokota sokoni. Nilikuwa nalia, yeye anabishana bei. Zipu, ndagala, kizibo, kila kitu alikigombania. "Gombana na we," alinisukuma. "Mutu anagombania bei hajakufa." Tulipofika kwenye mashuka nikasimama.

"Hii tuache. Hataitaka tena."

"Alikutuma shuka ao alikutuma mawazo?"

Nikanunua huku machozi yanatiririka, hata sikuangalia nilichopewa.

Jioni nilikwenda kwa seremala kabla ya kugawa vitu vya watu. Nikaweka shuka mezani kwake, nikasimama karibu na mlango, nikamwambia yote kwa pumzi moja: kipimo, dawa, alichosema muuguzi. Akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja. Akaikunjua shuka. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Nilisema ya bleu."

"Umesikia nilichokuambia?"

"Nimesikia. Na we ulisikia nilichokuambia? Bleu. Hii iko ya kijani."

Mungu wangu, nilitamani kumpiga na nyundo yake mwenyewe. Nikaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, nikakaa chini kwenye vumbi la mbao. Yeye alikuwa anaikunja shuka taratibu, pembe kwa pembe.

"Dawa utaenda kuchukua tena siku gani?"

"Mwezi ujao."

"Njo tutaenda babili," akasema. "Tutabadilisha shuka."

Tulikwenda. Muuzaji alikataa katakata kuibadilisha. Tunalalia ya kijani mpaka leo.