Kiraka Chekundu Nisichokishona

Ndani ya nyumba yangu hapakuwa na kitambaa chekundu. Hata uzi mwekundu haukuwepo.

Sasa niambieni, kiraka chekundu kilifikaje katikati ya blanketi ninaloshona kwa mikono yangu mwenyewe?

Tulieni niwasimulie. Anayetaka kucheka acheke, maana mwenzenu nimeshachekwa na mtaa mzima, nimezoea.

Mimi ni dereva wa lori, safari za masafa marefu. Siku moja tunashusha mzigo, pipa likateleza na kuniangukia mguu wa kushoto. Nikafungwa plasta kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti, nikaambiwa niende nyumbani nikatulie.

Nitulie! Mimi!

Jamani, kutulia ni kazi ngumu kuliko kupakua saruji. Nilikodolea dari mpaka nikazijua nyufa zake zote. Mguu mzima ukawa unakanyaga breki hewani. Nikaanza kumuuliza mke wangu mambo ya ovyo: kikombe hiki kwa nini kiko huku, pazia lile kwa nini limekaa upande.

Yeye anafanya kazi kiwanda cha mikate. Anatoka alfajiri, anarudi alasiri hoi bin taabani, halafu mlangoni anakutana na mkaguzi wa vikombe.

Ikafika siku akachoka. Akaniletea gunia la vipande vya nguo na cherehani ya mkono, ile kuukuu aliyopewa na mama yake.

"Baba watoto, shika hii. Unga vipande upate blanketi la viraka. Ukimaliza, anza lingine. Mimi na vikombe vyangu tupumue."

Nikaona kama ananitukana. Dereva mzima, nishone? Nikajaribu kwa hasira tu, nimwonyeshe kwamba haiwezekani.

Ikawezekana. Tena ikanikolea.

Kumbe kazi ya viraka siri yake ni pasi. Ukishaunga kipande na kipande, lazima ule mshono uulaze kwa pasi papo hapo, la sivyo blanketi linajaa matuta kama barabara mbovu. Kwa hiyo nilikuwa nashona, napiga pasi, nashona, napiga pasi. Mikono imepata safari.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na kitu kimoja. Nikaanzisha mablanketi matatu kwa mpigo. Moja la binti yetu, la njano na buluu. La pili la kitanda chetu, la nguo tulizovaa mimi na mke wangu enzi zile tunachumbiana. La tatu la kiti cha lori, maana nilikuwa na hamu ya kurudi barabarani hadi nalia kimoyomoyo.

Nikichoka na hili nahamia lile. Yote yalikuwa yanasonga, mstari hapa, mstari pale. Nafanyia kazi sebuleni, nimekaa kwenye godoro chini, cherehani kwenye kigoda, na mguu wa plasta nimeupandisha juu ya lile gunia la vipande.

Mchana nakula, nameza kidonge cha maumivu, naendelea. Kidonge chenyewe sasa! Ukikimeza hujui saa ngapi umelala.

Basi siku moja naamka, nasikia harufu ya kitu kuungua. Nikajua tu jirani anachoma takataka zake tena, nikamsonya. Nikaangalia pasi, imesimama wima, na swichi ukutani imezimwa. Nikajisifu, mwanamume makini mimi, hata usingizini nazima umeme.

Halafu nikaliona. Blanketi la binti yangu, katikati, kiraka chekundu.

Kimechongoka upande mmoja, kimeviringika upande mwingine. Kimeshonwa kwa mkono, mishono mikubwa imepinda, kama ya mtu aliyeshika sindano kwa mara ya kwanza maishani.

Mke wangu aliporudi nikamuuliza, "Umeshona wewe hiki?"

"Kipi?"

"Hiki chekundu."

Akakitazama kidogo mno. "Labda umekiunga mwenyewe ukasahau. Dawa hizo." Akapitiliza jikoni.

Nikasema haya. Lakini kitambaa chekundu nimekitoa wapi?

Siku chache mbele, kingine. Safari hii kwenye blanketi la kitanda chetu! Umbo lile lile, mishono ile ile mibovu.

Sasa nikaanza kuhangaika. Msiniambie nitulie. Nalala najigeuza, mguu unawasha ndani ya plasta, kichwa kinawasha zaidi. Nani anaingia ndani mwangu nimelala? Mlango wa jikoni mchana hatufungi, mtoto akitoka shule apitie huko. Mtu anaingia, ananikuta nakoroma, anashona, anaondoka?

Jumapili akaja mama mkwe kutusalimia. Anakaa mtaa wa pili tu.

Niwaambie ukweli, mimi na mama mkwe tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Hatujawahi kugombana. Ila alishasema mbele yangu kwamba dereva wa masafa ni mgeni nyumbani kwake mwenyewe, na tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana kama maofisa.

Siku hiyo aliingia na kitambaa kipya cha kijani kichwani, bado kina mikunjo ya dukani. Mkono wa kulia kauficha ndani ya mtandio. Nikanyoosha mkono wangu kwa heshima zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe." Akanipa kiwiko.

Kiwiko! Mkwe mzima napewa kiwiko kama mtu mwenye ukurutu.

Nikawaza, au ni yeye anayenichezea? Hapana. Huyu mama alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, mishono yake hata ukiitafuta kwa miwani huioni. Ile ya kwenye kiraka ni ya mwanamume, tena mwanamume mvivu.

Mwanamume. Hilo neno ndilo lililoniharibia usingizi.

Jioni ya kesho yake mke wangu yuko bafuni, simu yake inachajiwa pembeni yangu. Ikawaka. Sikuigusa, naapa. Macho tu ndiyo yaliyoigusa.

Ujumbe umetoka kwa mtu aliyeandikwa "Fundi". Unasema:

"Leo nimefumwa kidogo tu. Hakuamka. Usimwambie."

Nikasoma tena. Nimefumwa. Mtu anafumwa akifanya nini, jamani? Hakuna anayefumwa akisali!

Na huyo ambaye hakuamka ni mimi.

Mke wangu akatoka na taulo kichwani. Nikajikaza, sauti nikailainisha.

"Mama watoto, fundi ni nani?"

Akasimama. "Fundi? Ah, fundi wa... wa bomba. Kule kazini."

Mke wangu hajui kudanganya. Miaka yote hiyo niko barabarani, nilikuwa nalala usingizi mnono garini kwa sababu hiyo moja tu. Nikaona hapa ndoa yangu inafumuka, na mimi siwezi hata kusimama.

Nikampigia dereva mwenzangu, tunamwita Honi kwa sababu hajui kunong'ona. Akaja mbio. Akayakagua mablanketi kwa uso wa daktari, akalaza viraka viwili sambamba.

"Kaka! Hii ni nusu ya moyo! Na hii nusu nyingine! Jamaa anamtumia mkeo moyo kwa awamu!"

"Punguza sauti."

"Nimepunguza!"

"Nakifumua hiki nikitupe," nikasema, nikashika mkasi.

Akanidaka mkono. "Usifumue! Huo ni ushahidi!"

Nikauacha mkasi. Laiti ningefumua, jamani. Laiti.

Tukapanga mtego. Kesho yake mchana Honi ajifiche nyuma ya jikoni. Mimi kidonge simezi, najifanya nimelala. Fundi akishaingia na kuanza mambo yake, napiga gongo langu la kutembelea sakafuni mara mbili, Honi anavamia.

Nilichosahau ni kwamba Honi hana siri. Ilipofika mchana, nyuma ya jikoni yangu alikuwepo yeye, muuza duka wa kona, kinyozi, na jirani yule wa takataka. Nawasikia kabisa wakigombania nafasi.

Mimi napiga pasi mshono wa blanketi la lori. Ghafla mlango wa jikoni ukalia kidogo. Nikajitupa chini, macho nikafumba, nikaanza kukoroma. Jasho linanitoka. Nikawaza, nikikuta kweli ni mwanamume, binti yangu nitamwambia nini?

Hatua laini zikaja. Zikasimama, halafu zikaharakisha. Nikasikia swichi ikibonyezwa, tap! Kisha mtu akashusha pumzi ndefu. Kisha mkasi, kr, kr, kr, na uzi unachomolewa.

Imetosha. Nikapiga gongo, pwa! pwa!

"FUMANIZIIII!" Honi akaingia nusura aung'oe mlango. Kamati nzima nyuma yake.

Nikafumbua macho.

Hakukuwa na mwanamume.

Kwenye godoro, magotini, sindano mdomoni, alikuwa mama mkwe.

Moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka kwenye blanketi la lori. Kwa haraka ya kujilaza, pasi nilikuwa nimeiacha kifudifudi juu ya kitambaa. Sasa ilikuwa imesimama pembeni, na pale ilipolala pameungua. Pamechongoka upande mmoja, pameviringika upande mwingine.

Moyo wa Honi, huo hapo. Ni pua ya pasi.

Mama mkwe akatoa sindano mdomoni, akawatazama mmoja mmoja.

"Mmefuata nini?"

"Tumekuja... kufumania, mama," akasema kinyozi.

"Mimi nafumua. Ninyi mnafumania nini?"

Honi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akanong'ona. "Samahani, mama." Wakatoka kinyumenyume, na jirani wa takataka akaurudishia mlango taratibu.

Tukabaki wawili. Mimi sina pa kuweka uso.

Mapajani mwake kulikuwa na kitambaa chekundu, kimekatwakatwa, kimebaki robo. Nikakijua. Tangu nimjue mama huyu, kitambaa chake cha kichwani ni hicho. Nimekiona harusini kwetu, nimekiona mtoto alipozaliwa, na sikuwahi kukitazama.

"Kwa nini hukuchukua vipande vyangu?" nikauliza. Swali la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

"Gunia si umelilazia mguu. Nikilivuta utaamka."

"Na kwa nini nisiamke?"

Akapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Alikuwa anautumia mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bendeji, kiganja chote.

Hapo mwenzenu nikaelewa. Mishono iliyopinda. Kiwiko cha Jumapili.

"Mama, mkono umefanya nini?"

"Umeungua kidogo."

"Lini?"

"Siku ile ya kwanza. Mwanangu alinituma nije nikuchungulie, anaziogopa hizo dawa zako. Nikakuta blanketi la mtoto linawaka, moto umeshashika ukingo wa godoro. Nimeuzima kwa kilichokuwepo."

Kilichokuwepo ni kiganja chake.

Nikageuza ukingo wa godoro. Ndiyo, palikuwa peusi. Ningekuwa mtu wa kutandika kitanda changu mwenyewe, ningepaona siku nyingi.

"Ungeniamsha, mama. Ungenisema."

"Nikuseme?" Akacheka kidogo. "Mwanamume amekaa chini kama mzigo, kazi hana, hata kikombe anakigombeza. Siku moja nakukuta umelala umekumbatia blanketi la mtoto. Nikasema, leo nikimwambia kwamba hata pasi imemshinda, hashiki tena sindano. Atakufa kwa kiherehere humu ndani. Basi nikawa napita mchana, nazima, naziba, naondoka. Mwanangu nikamwapiza asikwambie, hata jina langu simuni akalificha."

Nililia, jamani. Sifichi. Dereva wa masafa, plasta mpaka juu ya goti, nalia mbele ya mama mkwe.

"Nyamaza basi," akasema. "Nipe mkasi mwingine, huu wako ni butu."

Mke wangu aliporudi alitukuta wawili tumeinamia blanketi moja. Akaduwaa mlangoni.

"Fundi wa bomba huyu hapa," nikamwambia.

Akafunika mdomo. Nikamwonyesha ule ujumbe. Akausoma, akamtazama mama yake, akaanza kucheka hadi akakaa chini. "Mama! Umeandika nimefumwa!"

"Nimeandika nimefumua. Uzi ulilegea, nikaushona upya."

"Umeandika fumwa!"

Mama mkwe akaisogeza simu mbali na macho, akaguna. "Kwa mkono wa kushoto, unategemea nini? Herufi moja tu imekosewa."

Herufi moja. Kidogo nivunje nyumba kwa herufi moja.

Usiku wa siku hiyo niliufumua ukingo wa kiraka cha binti yangu, kidogo tu, nione. Chini yake tundu jeusi, kubwa kuliko nilivyofikiria. Nikakirudishia vile vile, mishono iliyopinda nikaifuata ilivyo. Kwenye la lori kiraka chekundu kipo, na sitaki mtu akiguse.

Blanketi la nne nimeanza wiki hii. La mama mkwe. Plasta imetoka, natembelea gongo, ningeweza kurudi kazini hata kesho, ila nimeomba niongezewe muda kidogo nilimalize. Mama anakaa pembeni, pasi anaishika yeye. Mimi nimepigwa marufuku.

Ninachowaambia ni hiki. Ukikuta kiraka usichokijua kwenye maisha yako, usianze kwa kuuliza nani amekiweka. Inua ukingo kwanza, uangalie kilikuwa kinaziba nini.

Jana alinitumia ujumbe, nami nimemwandika "Fundi" kwenye simu yangu: "Mwanangu njoo, nimekupkia."

Ameniita mwanangu, na herufi imekosewa tena. Sikuuliza kitu. Nilichukua gongo langu nikaenda.