Makombe ya Mwani Kigwa

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa karibu na Kigwa, binti yangu wa kwanza alikuwa hakui. Meno yameanza kuota, lakini nguo za uchanga bado zinamtosha. Nilifika mahali naogopa kumfunua watu wakamwona.

Jirani yangu alikuwa mwanamke wa pwani, mke wa mfanyakazi wa reli. Sisi Wanyamwezi na watu wa kwao ni watani, basi siku ya kwanza alinitukana, nami nikamtukana, tukawa ndugu. Alikuwa na kopo la makombe madogo aliyookota utotoni kwenye mwani. Kila moja kama kofia: juu ncha, chini wazi. Mengine membamba, laini, ukiyainua juani mwanga unapita. Mengine mapana, mazito, yana mikwaruzo. Nilidhani ni ya wadudu mbalimbali. Hata sasa sijui kama naeleza sawasawa, maana bahari yenyewe sijaiona.

Mama mkwe wangu naye alidhani hivyo. Kwetu kombe la baharini, lililoletwa na misafara, lilikuwa pambo la watemi, si kitu cha kuchezea. Akachukua koponi lile nene kuliko yote, bila kuuliza, kama utani unavyoruhusu. Akalitoboa, akalifunga shingoni mwa mtoto ili aupate unene wake.

Jirani alipoliona alicheka mpaka akakaa chini.

“Shikamoo mama. Nyie mmebeba mizigo ya pwani tangu enzi za babu zenu, hamjachoka tu? Sasa mnambebesha na mtoto?”

“Marahaba, mla papa. Lete jingine nimfunge na mama yake.”

Akaleta kopo zima, akayamwaga kwenye ungo. “Yote haya ya mnyama mmoja, mama. Akiwa mchanga anakaa kwenye jani. Jani jembamba, naye mwembamba. Akikua anateremka shinani, anapata nafasi, anapanuka.” Akaligeuza lile la shingoni. Karibu na ncha kulikuwa na umbo jembamba, kisha mstari, kisha upana unaanza, kama sketi. “Unene huu hakuzaliwa nao. Kaongeza ukingoni, kidogo kidogo, kwa kula.”

Mama mkwe akamtazama mtoto. Halafu akanigeukia. “Mtoto anakula nini?”

“Ananyonya, mama.”

“Na wewe?”

Chakula kilikuwa haba. Sisemi kijiji kilitunyima. Wote tulikuwa tumeacha mashamba ya zamani kabla ya kuvuna. Na muuguzi wa zahanati alikwishaniambia nimwongezee mtoto uji. Haki yake nisimnyime. Ila kusikia ni kitu kimoja, na karanga za kutia kwenye uji ni kitu kingine.

Karanga alileta jirani. Mama mkwe akazitwanga, wakitukanana juu ya kinu kana kwamba wanagombea urithi. Uji wa mtama ukapikwa, mtoto akala, nami nikasimamiwa mpaka nimalize bakuli langu.

Kombe sikulivua, nilimheshimu aliyelifunga. Nani alimponya binti yangu kati yao, siwezi kuamua, nawashukuru wote.

Siku alipopimwa tena, muuguzi alitabasamu kabla hajasema kitu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasimama kumpandisha mgongoni, maana alikuwa anateleza kwa uzito. Nilisimama mara nyingi kuliko ilivyohitajika.